Ukuta Usio na Picha

Mzee wa Mapango alikuwa na namna tatu za kusema jambo, na kila namna ilikuwa na mkono wake. Akisema "Tunajua," aligusa kitu chenyewe kwa ncha ya fimbo, au karibu nacho: jiwe la kusagia, kigae cha chungu, masizi yaliyogandia juu ya pango. Akisema "Wazee wanasema," fimbo iliingia kwapani na viganja vikafunguka. Akisema "Mimi nasema," alivua kofia. Wageni wengi walipanda na kushuka naye siku nzima bila kugundua. Mimi niligundua katika safari ya tatu, na tangu hapo nikawa namfuatilia kama mwamuzi wa mpira. Ukiacha mara moja tu, sikumkamata akichanganya. Kile alichosikia kwa wazee hakukigusa kwa fimbo, na kile alichokibuni mwenyewe hakukisema akiwa na kofia kichwani.

Kwa hilo nilimheshimu kabla sijampenda. Nilikuwa nimerudi Babati na shahada ya historia na tabia moja iliyonifanya nisipendwe darasani na kwenye jumuiya ya mtaa vilevile. Mtu akisema jambo, mimi nauliza, "Unajuaje?" Niliwauliza wahadhiri. Nilimuuliza katekista. Nilimuuliza muuza dawa za mizizi pale stendi, akanifukuza mbele ya wateja wake. Kwa Mzee wa Mapango nilidhani nimempata mtu anayejiuliza swali hilo kabla sijamuuliza mimi, na ndiyo maana kituo cha sita kilinikera kuliko ambavyo ningekerwa na mwongo wa kawaida.

Kituo cha sita kilikuwa ukuta wa jiwe uliolala mbele kidogo, kama paji la uso la mtu anayesoma. Ulikuwa laini na mweupe wa kijivu, na juu yake hapakuwa na kitu. Tulikuwa tumetoka kuona michoro mingine, myekundu ya kweli, tembo na watu wembamba wenye vichwa vikubwa, imefifia lakini ipo. Hapa palikuwa na jiwe tupu. Mzee aliwapanga wageni nusu duara, akanyoosha fimbo bila kugusa, akasema, "Tunajua. Hapa walikuwa watu watano."

Halafu aliwaeleza. Wa kwanza mrefu, amebeba upinde begani. Wa pili na wa tatu wameshikana. Wa nne ameinama kama anaokota. Wa tano, wa nyuma kabisa, mdogo kuliko wote, amegeuka kutazama walikotoka. Alieleza kwa dakika kumi, na fimbo ilipita hewani mahali palepale kila safari. Nilishawahi kuweka alama za kokoto chini nione kama atakosea. Hakukosea.

"Unajuaje?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Tunajua," alisema.

"Nani na nani?"

"Msomi, twende. Wageni wanaungua jua."

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa miaka miwili.

Nieleze kwa nini lilikuwa na uzito. Waongoza wageni wa mjini walikuwa na kikundi chao kidogo, na waliniomba niwaandikie kijitabu cha safari ile, kila kituo ukurasa mmoja. Kwenye kikao karibu wote walitaka kituo cha sita kitolewe. Walisema mgeni hawezi kupandishwa robo saa ya mwinuko juani akaonyeshwa jiwe ambalo hata nyumbani kwao lipo. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mkiutoa ule ukuta, mnitoe na mimi," akavaa kofia, akatoka. Walibaki wanatazamana, halafu wakanitazama mimi. Mwenyekiti akasema basi, Msomi ndiye ataamua. Akithibitisha kwamba palikuwa na picha, ukuta unabaki. Asipothibitisha, unatoka, na Mzee atajua mwenyewe. Nilikubali kwa furaha. Nilidhani ni kazi ya wiki mbili.

Safari yenyewe ilianza saa kumi na mbili asubuhi. Jumanne, dereva wetu, alitukusanya karibu na soko, tukala chapati na chai kwa kusimama, tukaliacha ziwa na viboko wake upande mmoja, tukashika barabara ya kusini. Mbele kidogo tuliingia njia ya vumbi jekundu mpaka kwenye kanisa dogo la bati, ambako gari liliachwa. Kuanzia hapo ni miguu. Mawe yanaanza ghafla. Unapita kwenye mahindi na mbaazi za watu, unainua macho, na mbele yako kuna mawe makubwa kama nyumba yamepandana moja juu ya jingine, mengine yamekaa kwenye ncha kana kwamba aliyeyapanga aliitwa kabla hajamaliza. Pimbi wamejaa kwenye nyufa, na mikojo yao imechora mistari myeupe ambayo mgeni wa kwanza kila mara huidhania michoro ya kale.

"Huo pia ni mchoro," Mzee alikuwa akisema. "Msanii wake bado yupo hai, ila hapendi kupigwa picha."

Palikuwa na jiwe moja alilolipenda. Liliegemea jingine na kuacha mlango mwembamba, chini kiasi kwamba hata mtu mfupi lazima ainame. Alivua kofia. "Mimi nasema hili ni Jiwe la Mama Mkwe. Ukipita, unainamisha kichwa, humtazami usoni, na huchelewi." Wanaume waliooa walicheka zaidi. Jumanne, ambaye alikuwa na posa inayosuasua huko Nakwa, hakupenda kupita pale, alizunguka.

"Jumanne, pita bwana, uzoee," Mzee alimwambia.

"Huyu wa jiwe ana nafuu, Mzee. Hasemi."

Mzee alitembea polepole, na mtu akiharakisha alimwambia jiwe halikimbii, linalokimbia ni basi, na basi si lake. Alikataa kuanza na mandhari. Pale ambapo kila mtu angesimama kupiga picha za bonde, yeye aliwageuza wageni watazame mwamba, waweke viganja, wasikie upande uliopigwa na jua na upande wa kivuli. Kiswahili chake kilikuwa cha shuleni, kimenyooka, lakini kilipitia kooni kwanza, kama cha Wairaqw wa umri wake. Alipochoka lafudhi ilizidi. Hiyo ndiyo ilikuwa njia pekee ya kujua kuwa amechoka, kwa sababu kuhusu magoti yake alidanganya bila haya. "Hili linalia tu," alisema, "haliumi." Nilikuwa nikijiuliza inakuwaje mtu asiyedanganya kuhusu watu waliokufa zamani anadanganya kuhusu goti lake mwenyewe.

Kila pango alilipigia hodi. Hakunong'ona; alitumia sauti ya mtu aliyefika kwa jirani mwenye mbwa. "Hodi! Hodi! Hodi hapa!" Kisha alisimama kimya, sikio moja mbele, na sisi tukasimama nyuma yake. Wageni walipenda sana, simu zilitoka. Niliona ni maigizo, nikamwambia tulipokuwa tunashuka.

"Mzee, hodi unampigia nani? Mizimu?"

"Wewe unasali wapi?"

"Si unaniona kila Jumapili. Tunasali pamoja."

"Basi mizimu ya nini? Mle ndani kuna nyuki. Siku nyingine kuna chui. Kuna mwaka nilimkuta mtu amelala na mbuzi wa wizi. Ukipiga hodi mwenye nyumba anachagua mwenyewe, atoke au angurume. Wewe ungependa nisipige?"

"Na kwa nini mara tatu?"

"Ya kwanza hasikii. Ya pili anadhani amesikia vibaya."

Nilitosheka. Maelezo mazuri, ya akili. Tatizo ni kwamba kwenye pango kubwa, lile walimoishi watu, alipomaliza kuonyesha kila kitu na wageni wote wameshatoka, alibaki nyuma hatua mbili na kusema taratibu kuelekea gizani, "Haya, asanteni." Nilimsikia zaidi ya mara moja.

"Nyuki nao wanaagwa?" nilimuuliza.

"Ukitoka kwa watu bila kuaga, utarudi kwa uso gani?" alisema, na hakuvua kofia wala hakuweka fimbo kwapani. Sikujua niliweke fungu gani.

Pango hilo kubwa ndilo lilikuwa moyo wa safari. Ndani mwake kuna sehemu tatu za moto, na masizi juu yake ni mazito kiasi kwamba ukikwangua unapata weusi wa kuandikia. Kuna mawe ya kusagia yaliyochimbika katikati kwa kazi ya mikono isiyojulikana. Nyuma, ambapo pango linakuwa jembamba, chini ni laini na kumekanyagwa. "Tunajua walipika hapa," alisema, fimbo kwenye majivu. Fimbo kwapani: "Wazee wanasema wakati wa vita vya ng'ombe familia zilijificha humu, ndama waliwekwa kule nyuma, na mama alilala katikati ya ndama na mtoto ili asilie yeyote." Kofia mkononi: "Mimi nasema mama huyo hakulala."

Kwenye bamba la jiwe mlangoni kuna safu za vishimo vidogo. Waongozaji wote wanasema ni bao. Mzee naye alikuwa akisema ni bao, na aligusa kwa fimbo. Hapo nilimrukia.

"Unajuaje kama ni bao? Labda walitwangia rangi. Labda dawa."

Alilaza fimbo chini. Akaketi, akakusanya kokoto. "Kaa tucheze."

Tukacheza, wageni wametuzunguka. Hatukufika mbali. Safu moja ilikuwa na vishimo saba, nyingine nane, na kimoja kilikuwa pembeni peke yake kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Alijaribu kubadilisha sheria, ikashindikana. Akazimwaga kokoto, akacheka mpaka akakohoa.

"Miaka yote hii," alisema, "sijawahi kukaa nicheze."

Safari iliyofuata alifika pale, akaweka fimbo kwapani. "Wazee wanasema ni bao. Msomi anasema hapana." Sikuwahi kuona profesa akifanya hivyo.

Kwa hiyo mnaona kwa nini ukuta ulinishinda. Mtu anayeweza kulishusha daraja bao lake mwenyewe mbele ya watu kumi na wawili kwa sababu ya kokoto, kwa nini alishikilia "Tunajua" mbele ya jiwe tupu?

Kulikuwa na jambo jingine kuhusu ukuta ule ambalo nililiona mapema na sikulielewa. Chini yake, kama hatua ishirini kabla hujafika, kuna jiwe bapa. Hapo Mzee alitua kikapu alichobeba mgongoni na kusema, "Chupa hapa." Kila mtu aliweka chupa yake ya maji. Hakuna aliyesamehewa. Mama mmoja mjamzito alikataa. Mzee alimtafutia kivuli palepale kwenye jiwe bapa, akamwambia apumzike na chupa yake, na akakatisha maelezo yake nusu ili asimwache peke yake muda mrefu. Maji hayakupita pale.

"Kwa nini lakini?" nilimuuliza.

"Nyani. Wanapenda chupa."

"Sijawahi kuona nyani hapa."

"Watakujaje, na chupa hakuna?"

Jumanne aliposikia hilo alipiga goti lake. "Msomi, leo umekutana na jiwe!"

Wiki mbili zangu za kuthibitisha zikawa miezi. Niliuliza wazee wa vijiji vya chini. Mmoja alisema palikuwa na picha, mwingine akasema palikuwa na twiga, wa tatu akaniuliza nimeolewa wapi. Nilisoma nilichoweza kupata. Ukuta ule haukuwemo. Nilikuwa nimeshaanza kuandika kijitabu bila kituo cha sita na nimebakiza tu ujasiri wa kumwambia.

Kisha nilikwenda studio. Karibu na soko la Babati kuna duka la mzee mmoja ambaye baba yake alitoka pwani kuuza vitambaa, na yeye mwenyewe alikuwa mpiga picha wa kwanza ninayemkumbuka. Siku hizi anatengeneza picha za pasipoti na kuuza fremu. Nilitaka picha za zamani za mji kwa ajili ya jalada. Alinipa bati la biskuti lililojaa, akanisogezea kigoda.

"Tafuta mwenyewe, binti. Ila usinichanganyie harusi na misiba."

Ilikuwa karibu chini kabisa. Wanafunzi wa sekondari, kaptula na magoti yenye vumbi, wamesimama mbele ya ukuta uliolala kama paji la uso. Juu ya vichwa vyao, kwenye jiwe linalong'aa kwa maji, watu wekundu. Mrefu mwenye upinde. Wawili walioshikana. Aliyeinama. Rangi ilikuwa imeiva hata kwenye karatasi ile iliyogeuka manjano. Na kulia kabisa, kijana mwembamba, mkono umeinuliwa, kopo mkononi, maji bado yanamwagika. Kofia hakuwa nayo. Lakini alisimama vilevile, uzito kwenye mguu wa kushoto, kama anavyosimama mpaka leo.

Nadhani niliishikilia picha ile muda mrefu mno, maana mzee wa studio aliacha kukata fremu akaja.

"Aa, hiyo. Ile rangi ilikuwa haitoki kwenye filamu bila maji. Mimi ndiye niliyemwambia, mwagia bwana. Akamwagia, picha zikaamka kama zimechorwa asubuhi ile."

"Mara moja tu?"

"Mara moja ingekuwa nini? Watu waliona picha hii, kila aliyepanda akataka na yake ing'ae. Alikuwa anabeba dumu mgongoni, kijana wa watu, kutoka kule mtoni. Alifurahi kweli. Watu walikuwa wanapiga makofi. Mpaka siku nyingine wakaenda, akamwagia, pakabaki patupu hivihivi. Nikaambiwa aliendelea kumwagia mpaka dumu likaisha."

"Hakuna aliyejua kwamba maji yanafuta?"

"Mvua inanyesha miaka yote juu ya mawe, nani angejua? Lakini ile sehemu imelala, binti. Mvua ilikuwa haifiki."

"Basi na wewe una sehemu yako katika kosa hilo," nilimwambia. Ndivyo nilivyo.

Hakukasirika. Alichukua picha, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati. "Mimi za kwangu zipo kwenye bati. Yeye za kwake ziko wapi?"

Alinipa niende nayo. Njiani niliitoa nikaitazama tena, na hapo ndipo nilipoona kitu cha pili. Mahali pa mtu wa tano, yule mdogo aliyegeuka, pamefunikwa kabisa na mkono na kopo.

Sasa nilikuwa na uthibitisho, na sikujua niufanye nini. Nikiionyesha kwa kikundi, ukuta unabaki. Lakini wakiiona, watamwona pia aliyeufuta, na kesho yake mji mzima utakuwa unamwita jina jingine. Nisipoionyesha, ukuta unatoka na yeye anatoka nao, akiwa mtu aliyewapandisha watu juani kwa hadithi. Kwa mara ya kwanza nilitamani ningekuwa sijauliza.

Nilikwenda kwake Nangara na bahasha. Alikuwa uani anapura mbaazi, mkewe anazipepeta.

"Shikamoo, Mzee. Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Msomi kaja mchana, kuna jambo," alisema mkewe, akaniletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu na kikombe.

Nilikunywa maziwa. Nikasifia mbaazi. Bahasha ilibaki kwenye mkoba. Alizungumzia bei ya magunia, mvua, goti. Goti sasa alikubali linauma. Daktari alikuwa amemwambia milima basi.

"Jumamosi kuna walimu wanatoka Singida," alisema. "Hiyo ndiyo yangu ya mwisho. Utaongoza wewe. Mimi nitakuja kama mgeni."

"Mgeni gani ambaye atakaa kimya?" mkewe akauliza.

"Nitajaribu."

Jumamosi alijaribu kweli. Alipanda kwa fimbo mbili, kofia imeshuka usoni, akasimama nyuma ya walimu kama mmoja wao. Nilipiga hodi, sauti yangu ikatoka ndogo, nikapiga tena. Kwenye Jiwe la Mama Mkwe nilisema, "Mzee anasema," akatikisa kichwa kukubali. Kwenye bao nilisema hatujui ni nini, na mwalimu wa hesabu akainama kuhesabu vishimo. Pangoni, tulipotoka, nilibaki nyuma nikifunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Sikusema kitu. Nilimsikia yeye nje akiniambia, "Hujaaga."

Kwenye jiwe bapa nilitua kikapu. "Chupa hapa, walimu." Waliweka. Mmoja aliuliza kwa nini, nikasema sheria ya mahali.

Mbele ya ukuta niliwapanga nusu duara. Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha, na nilikuwa nimechagua. Niliinua fimbo. "Tunajua," nilisema, "hapa walikuwa watu wanne." Nikawaeleza mmoja mmoja. Nilipofika wa nne, niliiweka fimbo kwapani, nikafungua kiganja. "Na Mzee anasema kulikuwa na wa tano, mdogo, amegeuka nyuma."

Nilimtazama. Alikuwa ameinua kofia kidogo, macho yametulia usoni kwangu. Alielewa kwamba nimeiona picha yake mahali fulani. Hakuna njia nyingine ningeweza kuwagawa wanne na mmoja.

Mwalimu mmoja, mama mnene mwenye miwani, akauliza lile ambalo lazima mtu aulize. "Sasa picha yenyewe iko wapi? Nani aliifuta?"

"Maji," nilisema haraka. "Ilifutwa na maji."

"Maji hayana miguu, Msomi," alisema Mzee kutoka nyuma.

Wakageuka wote.

"Yalipandishwa," alisema. "Kwa dumu, halafu kwa kopo. Niliyapandisha mimi. Nilikuwa kijana, watu walitaka picha ing'ae, nikawa naing'arisha. Miaka minne hivi. Siku ya mwisho niliwamwagia wageni jiwe." Lafudhi ilikuwa imezidi. "Huyo wa tano ndiye alikuwa wa mwisho kutoka. Wenzake walishaondoka, yeye alibaki msimu mzima peke yake, anatazama nyuma. Nilimwona kwa macho haya. Nikamwagia na yeye."

 Mama wa miwani aliivua, akaifuta. Kisha akasema, kwa sauti ya mwalimu, lakini ya upole, "Asante kwa kutuambia, Baba," na wakaanza kushuka wakizungumza kwa chini.

Nilimpa bahasha. Aliitoa picha, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Alicheka kidogo kumwona yule kijana. Kisha kidole chake kikatua kwenye mkono wenye kopo.

"Nimemziba," alisema.

"Ndiyo. Wanne naweza kuwathibitisha. Huyo siwezi."

"Kwenye kijitabu mwandike hivyohivyo ulivyosema. Mzee anasema." Alirudisha picha kwenye bahasha. "Na aliyefuta pia mwandike. Hilo andika tunajua."

Niliandika. Kituo cha sita kipo, ukurasa wa kumi na moja, na picha ya studio imechapwa nusu ya ukurasa. Kikundi kilibishana jioni moja kisha kikanyamaza. Lakini hilo lilikuja baadaye. Siku ile tulikuwa bado tumesimama juani, na niliona midomo yake imekauka imeanza kupasuka. Nikashuka hatua ishirini, nikachukua chupa kwenye kikapu, nikampandishia.

"Kunywa, Mzee."

Hakuipokea. Alinyoosha fimbo zake mbili, akaanza kushuka kuelekea kwenye jiwe bapa, goti linalia, akipumzika kila hatua ya tatu.

"Kunywa hapahapa, jamani. Utaanguka. Hakuna kilichobaki cha kuharibika."

Alisimama, akageuka kunitazama.

"Unajuaje?" alisema.

 Niliiweka chupa nyuma ya mgongo, mbali na ukuta, nikamfuata.